Barua ya wazi kwa Kordonateri wa banafunzi: manda ilishakwisha, hesabu hatuyaona

Lubumbashi

Kwa Bwana Kordonateri wa banafunzi ba chuo chetu,
Kwa memba bote ba biro ya komite,
Kopi: kwa Rekta, kwa ba-doyen, na kwa bashefu bote ba promosyo (madarasa).

Maneno ya barua: uchaguzi, franga ya komite, byumba bya homu (nyumba za kulala banafunzi), na namna muko natuongoza

Bwana Kordonateri,

Nakusalimia kwa heshima yote, weye na ba-yaya bote ba biro. Mbele ya kuleta hii maneno ku macho ya bantu bote tulipitia kwanza mulango wenu. Barua ya kwanza sekretere aliipokea, akapiga kashe ku kopi yetu, akasema mutajibu. Ya pili vile vile, kashe tena na kimya tena. Tulikuya wenyewe, siye bashefu ba promosyo, tukakaa ku ile benchi ya inje ya biro mupaka jua likatufuata pale pale, tukaambiwa Kordonateri iko mu mukutano, na kisha mumoja wenu akatutumia mesaji ku WhatsApp asema tuache kuleta politiki mu masomo. Politiki? Muntu mwenye alipiga kampanye usiku mu koridori ya homu na mikrofoni, mwenye alibandika sura yake ku kila muti wa kampusi, njo anatuambia siye tuache politiki. Basi, hatukubaki na njia ingine.

Mi siko kandida wa kintu chochote. Nasema hiyo mapema juu najua njo neno ya kwanza mutatoa, "huyu anatumwa na nani", sababu hapa kwetu mwanafunzi akiuliza franga ilikwenda wapi lazima atafutiwe mwenye kumutuma. Nilitumwa na promosyo yangu. Ilinichagua, kila asubuhi mbele ya kozi inaniuliza, na mi nabaki paka kuangalia chini.

1. Manda yenu ilishakwisha

Statuti munayo mu droo, na siye tuko nayo mu telefone. Inasema komite inachaguliwa kwa mwaka moja wa masomo. Ule mwaka ulikwisha, proklamasyo ikapita, bantu bakavaa toga bakapiga picha na bazazi, benye balikuwa finalisti wakati wa kupiga kura bengine leo biko natafuta kazi kule Kolwezi, na ninyi mungali mu ile biro na ile fungulo. Ata weye mwenyewe, Yaya, tunauliza bila ukali: leo uko mu promosyo gani? Juu statuti inasema kordonateri ni mwanafunzi mwenye alijiandikisha kwa mwaka wenye unaendelea, na ku listi za fakilte yako tulitafuta jina lako hatukuliona. Kama tulikosea kusoma, tuonyesheni ile listi na hii neno nitaifuta leo leo.

Jibu lenu nalijua. Kalenda ilivurugika, ba-profesere balipiga greve, LMD (mufumo mupya wa masomo: lisansi, masta, dokotora) ikakuya kuchanganya promosyo za mufumo wa zamani na za mupya. Ni kweli, tangu 2021-2022 hiyo LMD ilituchanganya bote, kuko siku muntu hajue kama iko mu lisansi ya kwanza ao mu graduat. Lakini kuchagua kiongozi hakuombe kalenda kubwa. Shefu wa promosyo tunamuchagua kati ya kozi mbili: karatasi zinakatwa mu kaye ya muntu, zinapita mu kofia, mumoja anasimama ku tablo na chaki anapiga mistari tano tano mbele ya bote, mwenye kushinda anapigiwa makofi, mwenye kushindwa anakasirika kidogo, na mbele ya profesere kuingia tablo ilishafutwa. Oditwari ya bantu mia na zaidi inafanya ile kazi bila franga ata moja. Komite inashindwa juu ya nini?

Na musitulazimishe kukumbusha glisema (kubaki ku kiti kisha manda kwisha). Mu 2016 manda ya Rais wa Jamhuri ilifika mwisho, uchaguzi ukasogezwa, ukasogezwa tena, mupaka tarehe 30 Desemba 2018. Bengi kati yenu mulikuwa mungali ku sekondere lakini mulisikia namna bakubwa balikuwa nalalamika ku meza ya nyumbani. Leo ni ninyi.

2. Franga

Kila mwanafunzi akienda ku banki, ku bordro kuko fre ya masomo na pembeni kuko ile kidogo ya shughuli za banafunzi. Mwenye hakulipa yote hapati karatasi ya kumuingiza mu ekzame, kwa hiyo hakuna mwenye anairuka. Yenye kulipa ni bazazi: mama mwenye anauzisha unga ya bukari ku soko ya Kenya, baba mwenye anangojea mushahara wa serikali wenye unachelewa, yaya mwenye anabeba bantu na pikipiki kutoka Katuba mupaka katikati ya muji usiku kucha. Weka ata dolari 1 kwa kichwa, zidisha na fakilte zote, uone kama ni franga ya kuchekea.

Juzi nilipita ku valve (ubao ya matangazo) ya komite, ile ya karibu na aparitora (biro ya chuo yenye inashika mambo ya banafunzi), kuangalia kama kuko kintu. Kuko afishi ya mechi ya fakilte mbili, mvua ilishaipiga mupaka rangi ikatelemuka. Kuko tangazo ya kilio, na ule marehemu tulishamuzika zamani, Mungu amupumuzishe. Kuko sura yenu, memba bote mu suti, imewekwa ndani ya plastiki kabisa, ile haikupata mvua. Karatasi ya hesabu hakuna. Ya mwaka hakuna, ya miezi tatu hakuna, ya siku moja hakuna.

Mutasema franga yote inabaki kwa Administrateri wa bajeti na ninyi munapata paka makombo. Inawezekana kabisa. Na kama ni kweli njo mbaya zaidi, juu mulipaswa kutuambia zamani. Andikeni tu: tulipokea hii, siku hii, tukaitumia hivi. Kama mulipokea sifuri, andikeni sifuri mutie sinyatire, na siye bashefu ba promosyo tutafuata nyuma yenu mupaka ku rektora kuuliza. Hiyo vita tungeipiga pamoja. Lakini namna gani tutakwenda kumuuliza mukubwa aonyeshe kaye yake, na ya kwenu imefungwa?

Mutasema tena mulisaidia: mwenzetu alipokufa mulitoa sanduku na bisi, timu ya mupira mulinunulia maye. Tuliona, tulishukuru, na tunashukuru tena hapa. Ila ata likelemba (kuchangishana franga kwa zamu) ya bamama ku soko iko na kaye yenye majina na franga, na mwenye kuibeba akichelewa kuionyesha siku moja tu, bamama banamufuata mupaka ku kitanda chake. Bamama bengi kati yao hawakusoma. Siye tuko chuo kikuu.

3. Byumba bya homu

Hapa mufupi, juu kila muntu anajua. Zamani kazi ya komite ku byumba ilikuwa paka kusema: huyu anatoka mbali, huyu hana ndugu mu muji, apite mbele. Leo listi yenyewe inapita mu mikono yenu na kila kitanda kiko na bei, na bei inabadilika kufuatana na uso wa muntu. Dada mumoja wa promosyo yangu, mwenye alitoka Kamina, alipita mwaka muzima kama makizari: godoro chini kati ya bitanda bibili bya bengine, mbabula ku koridori, begi yake chini ya meza ya muntu. Ku chumba cha jirani kitanda kimoja kilikuwa cha muntu mwenye hakuwe ata mwanafunzi. Kila asubuhi alikuwa anatoka na kofia ngumu ya mayini na buti, basi ya kampani inamungojea ku barabara. Dada wa Kamina alileta malalamiko kwenu. Mulimujibu asubiri listi ya pili. Ile listi ya pili mupaka leo hakuna mwenye aliiona.

4. Komite yenye inabeba majina

Hapa naomba munisikilize muzuri, juu bile bingine byote bingeweza kutengenezwa lakini hii ikiharibika kabisa hakuna fundi.

Komite iliwekwa kwa kubeba sauti ya oditwari kuipeleka juu. Kwetu inabeba majina. Shefu wa promosyo akiuliza swali mu grupu ya WhatsApp, kesho yake anaitwa ku aparitora, banamusomea maneno yake mwenyewe, na makosa yake ya kuandika ndani, na mu ile grupu hamukuwe mukubwa ata mumoja wa rektora, tulikuwa paka siye na memba ba biro yenu. Brigade yenu ya disiplini, yenye hakuna mwenye aliichagua, inasimama ku mulango kuchukua karte ya mwanafunzi, na ukitaka ikurudilie lazima "uongee muzuri". Leo mu promosyo yangu bantu habaandike tena kintu mu grupu. Banaongea pembeni ku robine ya maji, na memba wa komite akitokea banabadilisha maneno haraka haraka bananza kuhesabu magoli ya Mazembe.

Bwana Kordonateri, hii inchi ilishapitia hayo mambo, na bengine kati ya benye walipitia ni bazazi betu. Mu 1961 banafunzi ba Kongo balianzisha umoja wao, UGEC, wenye uliongea na serikali uso kwa uso bila kuomba ruhusa ya muntu. Kisha Rais Mobutu akaweka chama chake MPR mu 1967 na vijana yake JMPR, na mu 1968 UGEC ikakatazwa. Tarehe 4 Juni 1969 banafunzi ba chuo kikuu cha Lovanium, kule Kinshasa, balishuka mu barabara juu ya burse, baaskari bakabapiga masasi. Mu 1971 bakaingizwa mu jeshi, na vyuo bitatu, cha Kinshasa, cha Kisangani na cha Lubumbashi, bikaunganishwa kuwa chuo kimoja tu, UNAZA, mupaka 1981. Ile miaka yote kulikuwa kiongozi wa banafunzi, hakukosekana, iko na biro na iko na kashe kama ninyi. Shida ni kwamba alikuwa anajibu kwa bale ba juu, si kwa bale ba mu oditwari.

Na hapa kwetu Lubumbashi hatuhitaji kusoma mbali. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mu kampusi banafunzi bakaanza kutafuta kati yao nani alikuwa sikio ya utawala, benye balishutumiwa bakapigwa, na usiku wa 11 kuamkia 12 Mei bantu benye silaha bakaingia mu ma-homu ya kampusi ya Kasapa. Serikali ilikubali mufu mumoja tu. Bengine balihesabu makumi. Mupaka leo hesabu haikukubaliwa na bote. Ubelgiji ikasimamisha misaada yake, inchi ikaingia mu miaka ya shida yenye bazazi betu banatuelezeaka mupaka leo.

Sisemi kama ninyi muko sawa na bale. Hapana, na mwenye atasoma hivyo anisome tena. Nasema muko nacheza na kintu chenye mu hii muji kilishaua bantu, ile kuulizana nani kati yetu anapeleka majina, na sitaki ata memba mumoja wa komite aguswe na kidole juu ya hii maneno. Njo sababu naomba ninyi wenyewe muikomeshe, mbele muntu bila akili hajajaribu.

Najua mutajibu kama disiplini ni lazima, kuko benye kuvunja bintu, na mutataja Kinshasa: mu Januari 2020 banafunzi ba UNIKIN, chuo kikuu cha Kinshasa, balipandisha hasira juu ya fre yenye ilipanda, ikawa fujo, chuo kikafungwa, na banafunzi ba ma-homu bakafukuzwa na magodoro yao ku kichwa. Tunakumbuka. Lakini muntu mwenye hajue nani wa kumubebea neno lake mupaka juu, analibeba yeye mwenyewe mupaka ku barabara. Brigade haizuie ile.

5. Ule uchaguzi wenye munasema unakuya

Tulisikia kwa midomo, si ku valve, kama muko natayarisha. Kwamba komisyo ya uchaguzi mulishaiweka, na prezida wa komisyo ni rafiki wa chumba cha mumoja wenu. Kwamba kuko franga ya kuweka kandidatire, na ni franga yenye mutoto wa mukulima wa Kasenga hawezi kuitoa. Kwamba promosyo za kwanza hazitapiga kura sababu "bableu habajue kintu", lakini ku banki bableu balipa sawa na bote.

Na kuko ile ya zamani yenye hakuna anapenda kuigusa. Kwetu mwanafunzi wa kawaida anachagua paka shefu wa promosyo. Bashefu banachagua delege wa fakilte. Badelege, bantu kidogo benye wanaenea ku meza moja, njo banachagua kordonateri. Ni sawa na namna badepite ba provensi banachagua guvernere na baseneta, na hapa Kongo kila muntu mukubwa anajua ni maneno gani yanafuataka ile kura. Kundi kidogo linanunulika na kasiye za bia na ahadi ya chumba. Linagawanyika haraka vile vile kwa kabila na kwa provensi: tangu Katanga ikatwe kuwa provensi ine mu 2015, kila uchaguzi tunasikia "zamu ya Lualaba", "zamu ya Tanganyika", "ba Kasai babaki pembeni", na mi nauliza, maji mu homu yakikauka yanakauka kwa provensi gani?

Bengine kati ya bashefu wenzangu habatapenda hii neno, juu ile meza kidogo inatufaa na siye pia. Naisema hivyo hivyo.

Tunaomba nini

Kwanza, tarehe ya uchaguzi, ibandikwe ku valve ya kila fakilte mbele ya enrolma (kujiandikisha) ya sesyo ya ekzame yenye inakuya, na tangu siku ile biro yenu ifanye paka kazi za kila siku, isitoe chumba na isiguse franga mupya.

Komisyo ya uchaguzi ivunjwe. Mupya itolewe kwa bahati nasibu kati ya bashefu ba promosyo benye hawakandide, mbele ya bantu, mu oditwari, majina mu kofia kama tunavyofanyaka.

Kura ya kordonateri ipigwe na banafunzi bote, na bableu ndani. Kama mutasema hiyo inaomba kubadilisha statuti, iteni mukutano wa bashefu ba promosyo bote uibadilishe; statuti inawapa huo uwezo na hakuna mwenye aliuita tangu mulipoingia.

Hesabu: bordro bingapi, franga ngapi ilifika kwenu, ilitoka wapi, ilikwenda wapi, na sinyatire ya trezorie chini. Listi ya byumba vile vile, jina, promosyo, numero ya kitanda.

Brigade ivunjwe, karte za bantu zirudishwe bila muntu "kuongea muzuri".

Kwa Bwana Rekta, mwenye atapata kopi: hatuombe utuchagulie komite ingine. Tunajua hiyo ni njia ya haraka, kusimamisha bote na kuweka komite ya muda yenye majina yanatoka mu biro yako. Tafazali, usiitumie. Komite yenye umeweka weye itajibu kwako, na tutakuwa tumerudi fasi ile ile. Tunaomba paka utuachie oditwari kubwa kwa siku moja, na uamuru banki itoe hesabu ya ile rubrike ya banafunzi.

Juu ya wakati, sikuweka siku ya kutisha muntu. Katiba ya 18 Februari 2006, artikle 27, inampa kila Mukongomani haki ya kuandikia mamlaka ya serikali ombi, peke yake ao na benzake, na ile mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi tatu. Katiba inalazimisha ata bakubwa ba inchi kujibu. Barua yetu ya kwanza, ile yenye kashe yenu, ilishapitisha hiyo miezi tatu, na ninyi hamuko serikali, muko banafunzi kama siye, muko napita mu koridori moja na siye, munakula mikate ya mama yule yule ku mulango.

Kama kimya kitaendelea, statuti inaruhusu sehemu moja ya tatu ya bashefu ba promosyo kuita mukutano bila ninyi. Sinyatire zilianza kukusanywa, zinapita mu kaye ya kawaida kutoka fakilte kwenda fakilte, na mwenye anataka kuiona ile kaye, memba ba komite ndani, anaweza kuniuliza nitamuonyesha. Hatufiche. Ila tungependa zaidi muite ninyi wenyewe, mukae mbele, na mutrezorie wenu na karatasi zake, mujibu maswali; hakuna mwenye atawazomea, hiyo bashefu tutaishika.

Kwa heshima yote,

Shefu wa promosyo mumoja wa chuo chetu, kwa jina la benzake
(jina langu na numero yangu biko ku barua mbili zenye muko nazo mu biro)